Ng'ombe wa Ramazani na Handaki la Njia ya Kinsevere

Vijana wangu, siku mlipokuja kunitembelea na makoti yenu meupe ya shule ya mifugo, mmoja wenu aliuliza kitu, mimi nikacheka tu na kumwongezea chai. Aliuliza: "Papa Placide, wakati wa vita bantu banakufa, bombe zinaanguka, nani alikuwa anawaza ngombe?"

Kicheko hakikuwa jibu. Jibu ni hili: anayemwaza ng'ombe wakati wa vita ni mtu mwenye njaa, na mwenye njaa hapendi kuulizwa ng'ombe huyo amekufa kwa nini. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Mimi nilikuwa msaidizi wa mganga wa mifugo hapa Lubumbashi, tangu mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Nilipiga sindano, nilikagua nyama machinjioni, nilitazama damu kwenye hadubini. Nimepigwa pembe, nimeumwa na mbwa, nimepigwa teke mahali ambapo sitapataja kwa kuwa mama zenu nao watasoma. Lakini yote niliyojua ya maana nilifundishwa na mtu mmoja, na nataka mumfahamu.

Alikuwa Chef Ilunga, yaani mkubwa wetu wa kazi, mzaliwa wa Mitwaba, hukuhuku Katanga. Mtu mfupi, sauti ya padri, suruali iliyopigwa pasi hata siku za risasi. Katanga ilipojitenga na Kongo, madaktari Wazungu wa idara yetu walianza kuondoka mmoja mmoja. Wa mwisho aliacha funguo juu ya meza, akampa mkono Ilunga, akapanda gari na mke wake na paka wao. Ilunga alizitia zile funguo mfukoni. Kisha akatugeukia.

"Bon," akasema. "Leo hakuna umeme."

Tulitazama taa. Taa ilikuwa inawaka.

"Chef, umeme uko."

"Minasema hakuna. Muzime. Mufanye kazi yote kama hakuna, mpaka jua itaingia. Tutaona nini itatushinda."

Tulidhani huzuni imempanda kichwani. Lakini tangu siku ile mchezo ule haukuisha. Asubuhi unafika kazini, umenyoa ndevu, una furaha zako, yeye anakungoja mlangoni: "Leo hakuna njia ya kwenda machinjioni." Unatafuta njia nyingine ya miguu. "Leo hakuna maji." Unahangaika na ndoo. Siku moja alisema, "Leo hakuna mimi," akaketi pembeni na kufunga mdomo, hata tulipogombana mbele yake juu ya nani apewe ufunguo wa dawa. Jioni alifungua mdomo na kusema tu, "Nimekufa siku moja tu, na munapigana."

Mchezo mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa ng'ombe aliyekufa katikati ya watu. Nilifanywa ng'ombe mimi, kwa kuwa nilikuwa mzito kuliko wote. Nikalala chali uani, miguu juu. Mara ya kwanza wenzangu walisahau kamba. Mara ya pili walileta kamba, wakanifunga na kuniburuta kwenye majani mpaka shati langu likapasuka mgongoni. Chef Ilunga akapiga makofi wasimame.

"Muangalie nyuma yenu," akasema. "Mulipopita pote, damu imepita. Mumeshamwaga ugonjwa njia yote. Ngombe wa namna hii habururwi. Anazibwa pua, anazibwa mdomo, anazibwa nyuma, anaviringishwa mu turubai, anabebwa. Na weye Placide, ngombe aliyekufa hacheki."

Ndivyo tulivyojifunza. Kwa kicheko, na kwa shati langu.

Jambo jingine alilofanya lilionekana la ajabu zaidi. Chanjo zote zilikuwa kwenye frigo moja kubwa ya idara. Akasema dawa iliyokaa mahali pamoja ni dawa iliyokwisha kupotea. Akatafuta frigo za mafuta ya taa, zile zenye utambi chini, akazigawa. Moja akaipeleka kwa masista wa misioni. Nyingine akaiweka kwa Mzee Ramazani, mchuuzi wa nyama wa Kamalondo, mtu wa ukoo wa Maniema, Mwislamu wa kanzu safi, aliyekuwa akinunua ng'ombe kwenye mashamba ya njia ya Kinsevere na kuwaswaga kwa miguu mpaka mjini. Wateja wake walisikia kuna frigo imefungwa kufuli nyuma ya duka, wakaamini Ramazani anaficha bia. Masikini wa Mungu alitukanwa wiki nzima kwa ajili ya chanjo.

Frigo ile inataka uangalizi, nawaambia ninyi mliozaliwa na umeme wa jua. Utambi usipokatwa sawasawa, moto unatoa moshi, na frigo yenye moshi haipoozi. Ukiona masizi, usilaumu mashine. Kata utambi, safisha bomba, weka frigo iwe wima bila kuegemea.

Basi vita ikaja kweli.

Ninyi mmesoma habari zake shuleni. Mimi nitasema tu lililonipata. Wazazi wangu walikuja kutoka Kasai kutafuta kazi, nami nilizaliwa hapa, lakini siku zile kuzaliwa hapa hakukusaidia. Watu wa asili ya Kasai walianza kutishwa mitaani, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbilia kambi iliyokuwa pembeni ya mji, chini ya ulinzi wa askari wa kofia za buluu, wale wa Umoja wa Mataifa. Mke wangu Odette alikwenda huko pamoja na mama yake. Mimi Chef Ilunga alinikataza kwenda.

"Weye utalala mu depo ya dawa," akasema. "Mutu akiuliza, weye ni mutoto wa dada yangu wa Mitwaba."

"Chef, nikifungua mdomo tu watajua."

"Basi tutafundisha ule mdomo."

Na kweli alinifundisha. Kila asubuhi, kabla ya kazi, salamu za Kiluba cha Mitwaba. Nisisalimu "moyo" kama watu wa kwetu Kasai, nisalimu "wakomapo". Ulimi wangu uligoma. Alinirudisha mara kwa mara kama mtoto wa katekisimu.

Umeme ukakatika, na hatukushtuka. Njia ya machinjioni ikafungwa, tukapita ile nyingine. Chumba cha baridi cha machinjio kikawa oveni. Kwa hiyo, watu wa msaada walipotaka nyama kwa ajili ya kambi, Chef Ilunga aliona afadhali ng'ombe waje hai na kuchinjiwa palepale. Yeye ndiye aliyetoa ruhusa. Ramazani akaleta kundi kutoka shamba la njia ya Kinsevere, akaliacha kwenye zizi la miti nje kidogo ya kambi, akarudi dukani kwake.

Kesho yake asubuhi tuliitwa mbio. Ng'ombe wawili walikuwa wamelala wamekufa, na mwingine anatetemeka kwenye kona.

Jana yake walikuwa wazima. Sasa matumbo yalikuwa yamevimba kama ngoma, na puani ilitoka damu nyeusi, nyepesi, isiyoganda. Chef Ilunga alinishika mkono kabla sijavuka uzio. Wote wawili tulijua. Kimeta. Sisi hapa kwetu tunaita charbon. Ugonjwa ule, wewe ukimpasua ng'ombe wake, unaufungulia mlango: hewa ikiugusa, unajitengenezea ganda, unakaa ardhini miaka na miaka. Na mtu akila nyama ile, au akiichuna kwa mikono yenye mikwaruzo, anaweza kufa.

Shida ni kwamba watu walikuwa wamekwisha kuzunguka zizi, mamia, na masufuria yao. Na mbele yao wote, amejifunga kitenge kiunoni, kisu mkononi, alisimama mkubwa wa wapishi wa upande ule wa kambi. Mama Ngalula. Mama mkwe wangu.

Lazima niwaeleze vijana wa siku hizi, maana nawaona mnakula sahani moja na wakwe zenu na kuangalia mpira pamoja. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Ukikutana naye njiani unaingia kichakani. Tangu nimwoe Odette sikuwahi kumwambia mama yake neno moja uso kwa uso. Na sasa alikuwa hatua chache kutoka kwenye mzoga, anachagua pa kuanzia kukata.

Nikageuka, nikampa mgongo. Nikapiga kelele: "Odette! Ambia mama asiguse ile nyama!"

Odette alikuwa katikati ya watu. "Mama, anasema usiguse."

"Nimesikia, siko kiziwi," akajibu mama mkwe, naye amegeukia upande wa pili, mgongo wake na mgongo wangu. "Odette, uliza bwana yako: batoto ba hapa batakula nini leo? Sindano zake?"

"Ambia mama, ile ngozi ikikatwa, tutazika bantu mingi!"

"Ambia yeye tunazika kila siku!"

"Ambia mama, namuheshimu sana!"

"Ambia yeye heshima haiingie mu sufuria!"

Odette alikuwa anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayeangalia tenisi. Mtu mmoja akacheka. Kisha mwingine. Watu wale waliokuwa na njaa, waliopoteza nyumba, walianza kucheka mpaka wengine wakashika magoti. Na katika kicheko kile kisu kilishuka. Chef Ilunga hakuipoteza nafasi.

"Mama," akamwambia, yeye akiwa hana ukwe wa kumzuia, "banasema huku nyuma ngombe hizi zilipewa sumu. Nimesikia. Minataka weye mwenyewe uangalie nini iko ndani. Kiisha utaamua."

Tukavaa glavu. Sikio la ng'ombe, toboa kwa sindano, tone moja tu la damu juu ya kioo, kisha pamba uliyoifutia inakwenda motoni hapohapo. Usichukue zaidi. Kioo kikauke, ukipitishe juu ya moto wa taa, umwagie rangi ya buluu, usuuze. Hadubini yetu ilikuwa ya zamani, yenye kioo kidogo chini cha kunasa mwanga wa jua. Tuliiweka juu ya pipa lililopinduliwa, nikaigeuza mpaka jua likaingia. Nikatazama, nikasogea mbali, uso wangu nikaupeleka mpakani Kasumbalesa ili mama mkwe apite.

Akainama. Watu wakanyoosha shingo.

"Naona bipande bya muwa," akasema polepole. "Mutu alikata-kata muwa, akabipanga mustari, moja nyuma ya ingine. Rangi ya buluu. Na kuko kama wingu ya rangi ya rose inabifunika."

"Njo ile," akasema Chef Ilunga. "Sumu haina sura, mama. Hii iko na sura. Ni kadudu. Kanakaa mu udongo, ngombe anakakula na majani."

"Na kanaua bantu?"

"Kanaua."

Mama mkwe aliinuka. Alikitazama kisu chake, akakifuta bila sababu, maana kilikuwa hakijagusa kitu. Kisha akachukua mwiko wake mkubwa wa bukari, yaani ugali, akasimama mlangoni mwa zizi na kuwatazama watu.

"Mwenye kutaka kugusa ile nyama," akasema, "agusege mimi kwanza."

Hakuna aliyemgusa.

Turubai, kamba, pamba na magunia ya chokaa vilikuwa vimekwisha kuwekwa kwenye stoo ya kambi kabla ya ng'ombe kufika. Chef Ilunga alivipeleka siku ileile aliyotoa ruhusa. Tukaziba, tukaviringisha, tukabeba. Hatukuburuta. Nao wachimbaji wa shimo walijitolea kutoka kambini: wanaume ambao wiki chache nyuma walikuwa wafanyakazi wa migodi ya shaba. Katika maisha yangu yote sijaona shimo la ng'ombe lililochimbwa vizuri namna ile, kuta zimenyooka, kona zimekaa sawa. Mmoja alitaka hata kuweka nguzo za kuzuia dari, tukamwambia wateja wetu hawatalalamika. Mizoga chini, chokaa juu, udongo mwingi, miiba, uzio.

Na chakula? Chef Ilunga alifungua ghala letu, akatoa mahindi ya kuku wa idara. Mama mkwe aliyatwanga na wenzake, kambi ikala bukari. Odette alinipa ujumbe: "Mama anasema, ambia kuku asante."

Nilidhani kazi imekwisha. Lakini maneno yalikimbia mjini kabla yetu, na maneno yaliyofika mjini hayakuwa ya kadudu. Yalikuwa ya sumu. Tulipofika Kamalondo tulikuta duka la Ramazani limefungwa kwa minyororo, na askari wa Katanga mlangoni. Ramazani alikuwa amechukuliwa. Walisema ametia sumu ng'ombe wa shamba lile, ambalo pia lilikuwa linalisha kikosi chao. Siku zile mtu aliyechukuliwa kwa neno kama hilo hakuwa na uhakika wa kurudi.

Chanjo tulizompa zilibaki ndani ya duka. Lakini zile za masista zilikuwepo, na utambi wao, Mungu awabariki, ulikuwa umekatwa vizuri kuliko wetu. Tulikuwa na dawa. Tuliyemkosa ni mtu.

Chef Ilunga alibadilisha shati, akaniambia, "Tunaenda ku kambi ya askari. Sema kidogo."

Kapteni aliyetupokea alikuwa kijana bado, macho mekundu ya kukosa usingizi. Chef Ilunga alisimama mbele yake wima.

"Capitaine, munamushika Ramazani juu ya ngombe. Ile ngombe, mimi njo nilitoa ruhusa iingie. Kama iko sumu, munishike na mimi."

"Usicheke na mimi."

"Sicheke. Lakini mbele ya kunifunga, twende ku ferme, ku ile shamba. Askari wako banakula wapi? Banakunywa wapi? Kama ni mutu alifanya hii, atafanya tena, na utataka kumujua. Kama haiko mutu, utataka kujua zaidi."

Kapteni alimtazama sana. Kisha akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Mutoto wa dada yangu. Wa Mitwaba."

"Wakomapo," nikasema. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi.

Kapteni alichukua kofia, akasema, "Mupande."

Shamba lilikuwa zuri, majani mabichi baada ya mvua. Kilimani, juu ya malisho, askari walikuwa wamechimba handaki la kulinda njia. Chef Ilunga alizunguka malisho taratibu, akiinama, kisha akafuata mfereji mdogo uliochongwa na mvua, kutoka bondeni kupanda juu. Nilimfuata. Ulitupeleka hadi kwenye handaki. Hapo akasimama na kunyoosha mkono tusisogee.

Kwenye ukuta wa handaki, katikati ya udongo mwekundu, ulipita mstari mweupe. Chokaa. Na kwenye lundo la udongo uliotolewa, mbavu kubwa na fuvu la ng'ombe lenye pembe moja.

Kapteni alikuwa wa kwanza kusema. "Hii nini?"

"Kaburi ya ngombe," akajibu Chef Ilunga. "Ya zamani, mbele ya sisi kufika. Mutu alizika ngombe za charbon hapa, akaweka chokaa, akafanya kazi yake muzuri. Kiisha mwenye ferme akabadilika, na mwingine akabadilika, hakuna aliyejua tena. Mulichimba, mvua ikanyesha, maji ikashusha ile udongo mu majani. Ngombe zikakula."

Askari watatu walikuwa wameketi ukingoni mwa handaki lile, wanatusikiliza.

"Bantu bangu banalala humu," Kapteni akasema, na sauti yake haikuwa ile ya ofisini.

"Kuko mwenye homa? Mwenye kidonda?"

Mmoja wa wale watatu alikunja mkono wa shati. Kwenye mkono wake kulikuwa na kidonda cheusi katikati, kimevimba pembeni. "Hakiniumi," akasema, kama anaomba radhi.

Kumbukeni neno hilo, vijana. Kidonda cheusi kisichouma. Kinachouma humpeleka mtu hospitali chenyewe, kisichouma kinamdanganya. Tulikuwa na penisilini kwenye mkoba, lakini Chef Ilunga alitaka daktari wa watu amwone kwanza, akamwambia Kapteni ampeleke sasa hivi, na wengine wote watoke humo, waoge, nguo zichemshwe. Kapteni alitoa amri hizo akikimbia.

Tulifukia handaki kwa chokaa. Tulichanja kundi lote la shamba, na lile lililobaki kambini. Hapa kuna jambo ambalo wengi hukosea: ng'ombe mwenye homa mpe penisilini, kama tulivyomfanyia yule aliyetetemeka zizini, mzima mpe chanjo, usimpe mmoja vyote viwili siku moja. Chanjo ile ni hai. Penisilini inaiua, na wewe unarudi nyumbani unajisifu umemkinga, kumbe umempiga sindano ya maji.

Yule askari alipona. Kambini kwa wakimbizi hakuugua hata mtu mmoja. Na Ramazani aliachiwa siku ileile tuliyorudi kutoka shambani, akatoka na kanzu yake imekunjamana, amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Nilimuuliza kama walimpa chakula.

"Walinipa nyama," akasema. "Nikauliza inatoka ferme gani. Waliponitajia, nikasema leo nafunga."

Kapteni alitusindikiza mpaka lango. Alimpa Chef Ilunga mkono, halafu akanitazama mimi tena.

"Mutoto wa dada yako," akamwambia Chef, "anasema Kiluba mbaya sana."

Chef Ilunga hakupepesa.

"Ni kweli. Bado anajifunza."

"Amalize kujifunza," akasema Kapteni. "Mji bado iko mubaya." Akageuka, akaenda zake. Sikumwona tena, na sijui vita ilimpeleka wapi. Namwombea.

Sasa mnaniambia shuleni mnafundishwa habari za watu wanaoweza kutumia magonjwa kama silaha. Ni vizuri mfundishwe, mambo hayo yapo. Lakini nawaomba mshike mpangilio wa Chef Ilunga. Kwanza uliza: ni nini? Halafu: kimetoka wapi? Ukishajua hayo mawili ndipo uulize: nani? Wengi huanza na nani, na kabla hujafika na hadubini yako, Ramazani wao ameshafungwa. Awe mtu au uwe udongo, mzoga unazibwa vilevile, watu wanakingwa vilevile.

Kuna siku moja zaidi nataka kuwaambia, kisha nitawaacha.

Mapigano yalipotulia kidogo, mji ulijaa mbwa. Wenye nyumba kubwa walikimbia na kuwaacha, majibwa yenye mikufu shingoni, yasiyojua Kiswahili. Ukiliambia "toka" linakutazama. Ukisema "assis" linaketi. Tuliogopa kichaa cha mbwa. Chef Ilunga akatangaza siku ya chanjo, bure, mbwa na mbuzi na kila chenye miguu minne. Lakini meza hakuiweka mjini, wala hakuiweka kambini. Aliiweka kwenye uwanja mtupu katikati, kati ya kambi na mtaa wa mji wetu unaoitwa Kenya, na kuwaomba askari wa kofia za buluu wasimame mbali kidogo.

Nilimwambia watapigana. Watu wa kambi walifukuzwa kutoka Kenya hiyohiyo.

"Labda," akasema. "Lakini mutu aliyeshika mbuzi mikono yake miwili, atapiga na nini?"

Walikuja. Mwanzoni mistari ilikuwa miwili, imeachana, kila upande unatazama chini. Mbwa ndio hawakujua siasa. Walinusana, wakazungusha kamba zao miguuni mwa watu, na wenyewe wakalazimika kuinama na kufunguana. Kufikia saa za joto mstari ulikuwa mmoja. Mama mkwe alikuwa akiupanga kwa mwiko wake, nami nilikuwa nyuma ya meza, kisogo kwake, najaza sindano.

Nikamsikia amenyamaza katikati ya sentensi. Jambo hilo halikuwa la kawaida, nikageuka nusu.

Mbele yake alisimama Mama Mwape, aliyekuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta kule Kenya. Usiku ule nyumba zilipochomwa, Mama Mwape alifunga mlango wake, naye mama mkwe alikimbia bila kumuaga mtu. Sasa Mama Mwape alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba mbuzi mweusi mwenye baka jeupe, na nyuma ya mbuzi watoto wake wawili wanaorukaruka.

Walitazamana. Sindano ilibaki mkononi mwangu.

"Ngalula," Mama Mwape akasema. "Mbuzi yako ilizala."

Mama mkwe aliwatazama wale watoto wa mbuzi.

"Mapacha," akasema Mama Mwape. "Mpaka leo habana majina. Nilikuwa nakungojea weye."

Mwiko ulianguka. Mstari wote ulisimama, wa Kenya na wa kambi, mbwa wao wameketi. Nilitaka kumwita anayefuata, kwa kuwa jua lilikuwa kali na chanjo haipendi joto, lakini Chef Ilunga alifunika sanduku la barafu kwa koti lake, akanishika bega.

"Acha," akaniambia. "Bangoje."